Shajara ya mradi: kuandika ushuhuda kabla ya msiba

12 Januari 2025, Tukuyu

Novemba iliyopita tulimzika mama yangu mkubwa. Saa tano asubuhi, jeneza likiwa bado sebuleni, nikaitwa jikoni: "Mwalimu, wasifu haujaandikwa." Nikapewa karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari la mtoto, nikaandikia juu ya goti. Kuzaliwa, kubatizwa, kipaimara, ndoa, watoto saba, kuugua, kufa. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Uwanjani niliusoma kwa dakika nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kutaja majina ya wajukuu. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akiamka saa kumi usiku kumwita Mungu kwa maneno ambayo sisi tuliolala chumba cha pili tuliyasikia miaka yote. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililosomwa, kwa sababu hakuna aliyeliandika.

Tangu siku hiyo nimekosa amani. Leo nimeongea na mchungaji baada ya ibada, naye amekubali tuanze.

Wazo lenyewe si langu. Nilipokuwa nasoma Mbeya, katika chuo kikuu chenye jina la Askofu Teofilo Kisanji, nilikutana na habari za Herrnhut, mji mdogo wa Ujerumani ulioanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, sehemu ya nchi ya Cheki ya leo. Kuanzia katikati ya karne ya 18 waumini wa pale walihimizwa kila mmoja aandike mwenyewe safari yake na Mwokozi. Siku ya maziko, maandishi hayo ndiyo yaliyosomwa. Marehemu alisimulia kwa kinywa chake hadi pale kalamu ilipoishia, na ndugu waliobaki wakaongeza habari za siku za mwisho. Maelfu ya maandishi hayo yangalipo. Wamisionari wa Moravian, kanisa letu, waliofika huku kwetu Rungwe mwaka 1891 walitoka katika desturi hiyo. Walituachia Pasaka ya alfajiri makaburini, wakatuachia matarumbeta. Hili la kalamu, katika ushirika wetu, silioni. Tumebaki na wasifu, nao unaandikwa na mtu mwingine wewe ukiwa umeshanyamaza.

Mpango: wazee kumi na wawili wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Kila mmoja kaunta buku moja na peni mbili. Tumalize kabla ya tarehe 13 Agosti, sikukuu yetu Wamoravian.

2 Februari

Tangazo limetolewa kanisani. Baada ya ibada wamenifuata wanne tu, na wawili kati yao walikuja kuniuliza kama nina akili timamu. "Mwalimu, mtu kujiandikia wasifu si ni uchuro?" Sikuwa na jibu la haraka. Mama mmoja wa kwaya ya akina mama ndiye aliyenisaidia. Alisema, "Mbona sanda tunajinunulia wenyewe tukaiweka kabatini?" Wakanyamaza.

Nimebadilisha jina. Sisemi tena wasifu, nasema ushuhuda. Wasifu ni wa marehemu, ushuhuda ni wa aliye hai.

23 Februari

Nimetoka Katumba kwa bibi wa kwanza. Ana miaka 81, amechuma chai zaidi ya miaka thelathini. Ncha za vidole vyake ni ngumu kama kwato, na kucha ya kidole gumba cha kulia imeingia weusi usiotoka tena. Nilidhani nitamwandikia. Nilitoa peni yangu, nikafungua daftari, nikasema, "Bibi, wewe sema, mimi naandika." Akanitazama.

"Mimi nilisoma kisomo," akasema.

Ni mmoja wa wale walioingia darasani mwaka 1970, ulipotangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alikuwa na miaka 26 na mtoto mgongoni. Wenzake, anasema, walitaka kusoma ili wasidanganywe kwenye mzani. Yeye alitaka jambo moja: kitabu cha nyimbo. Alikuwa anaimba nyimbo zote kwa kichwa, na alitaka kujua kama yale anayoimba ndiyo yaliyoandikwa. Siku alipoweza kusoma ubeti wa kwanza akagundua kwamba neno moja alikuwa amelikosea maisha yake yote. Akalia pale pale shuleni. "Nililia kwa furaha. Nilisema, kumbe Mungu alikuwa ananielewa hivyo hivyo."

Kisha akachukua peni. Alivuta daftari hadi karibu na mlango penye mwanga, akaweka kidole cha mkono wa kushoto mwanzoni mwa mstari, akaanza. Kila herufi ilichukua mistari miwili ya kaunta buku. Alisimama kila baada ya neno, akalitamka kwa sauti ya chini, akaendelea. Katika saa nzima aliandika mistari sita. Nilikumbuka Paulo anavyowaambia Wagalatia watazame herufi kubwa alizoandika kwa mkono wake mwenyewe. Nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kuusikia. Leo niliona mkono.

Sentensi yake ya kwanza: MIMI NI MTOTO WA MUNGU NIMECHUMA CHAI. Hakuna alama yoyote katikati.

16 Machi

Mvua haiachi. Barabara ya kuteremka Masoko haipitiki kwa bodaboda, nimetembea.

Madaftari saba yametoka. Nimepitia kurasa za mwanzo za matano, na nasema wazi kwamba nimesikitika. Wanaandika kama wanavyoshuhudia kwenye mkutano wa injili: nilikuwa gizani, sasa niko nuruni, namshukuru Mungu kwa kunifikisha siku ya leo. Maneno hayo ni ya kweli, sisemi ni uongo. Lakini ni maneno ya watu wote, na mtu anaweza kujificha nyuma yake miaka hamsini. Mdomoni yanapita haraka hata msemaji hana muda wa kujiuliza. Kwenye karatasi ni tofauti, kwa sababu ukiandika "gizani" mkono unakwenda polepole, na wewe mwenyewe unabaki unaulizwa: giza gani?

Kwa hiyo nimeacha kuwapa maswali ya umri na ubatizo. Ninauliza swali moja tu, kisha naondoka: ni siku gani ulimwita Mungu bila kufundishwa na mtu namna ya kumwita?

Babu wa Masoko hakunijibu. Alinisindikiza hadi kwenye migomba ya mwisho, akasema, "Mbombo ngafu." Kazi ni ngumu. Hakuwa analalamika, alisema kwa heshima, kama mtu anayetazama shamba kabla ya kuliingia.

9 Aprili

Hasara. Wawili kati ya wazee wangu hawaoni vizuri, hao nilikuwa nawarekodi kwa simu ili nije niandike neno kwa neno. Simu iligoma kuwaka, nikaipeleka kwa fundi, akairudisha ikiwa safi kama imetoka dukani. Saa tatu na dakika kumi za sauti zimekwenda. Sikuwa nimeziweka popote pengine. Kosa hilo ni langu.

Nimekaa siku mbili sijamwambia mtu. Leo asubuhi nimesoma Yeremia 36, mfalme Yehoyakimu anakata gombo kwa kisu cha mwandishi, anatupa vipande motoni. Baruku anachukua gombo jingine na kuanza upya kwa kinywa cha nabii, na mlango unaishia kwa kusema kwamba maneno mengi mengine kama yale yakaongezwa. Nimekwenda Isongole kwa mama asiyeona, nimemwambia ukweli. Akacheka, akanishika mkono. "Basi Mungu hakuipenda ile," akasema, "kuna kitu nilikiruka."

Alichokuwa ameruka ni mtoto wake wa tatu, aliyekufa na wiki mbili, kabla hajabatizwa, na miaka minane iliyofuata ambayo mama huyu aliingia kanisani kila Jumapili na hakuomba hata mara moja. Alikaa tu. Alisimama waliposimama. Mara ya kwanza alinipa saa nzima ya baraka. Mara ya pili amenipa hii. Safari hii nimeandika kwa mkono, na mwishoni nikaongeza jina langu kama alivyofanya Tertio alipoandika waraka wa Paulo kwa Warumi: mimi niliyeandika nawasalimu.

20 Aprili, Pasaka

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa makaburini. Ukungu ulikuwa mzito, mishumaa unaiona mwanga, anayeishika humwoni. Matarumbeta yalianza kutoka upande wa juu, Kristo amefufuka, na sisi tukaitikia tukiwa katikati ya watu wetu waliolala. Sijui ibada nyingine ninayoipenda kama hii. Nilisimama kwenye kaburi la mama mkubwa. Udongo bado haujakaa.

Tulipokuwa tunatawanyika, mzee wa tarumbeta akanigusa bega. Ni namba nne kwenye orodha yangu, ana miaka 76, mzee wa kanisa, amewafundisha vijana wote wanaopiga sasa. Daftari lake alilichukua Februari na kila nikimwuliza anasema linaendelea. Leo kasema, "Mwalimu, nimefika kwenye ukurasa siwezi kuuandika. Nikiuruka, yote yaliyobaki ni uongo."

Nikamwambia asiuruke.

18 Mei

Ameuandika. Nimeusoma leo kwake, mke wake akiwa amekaa nasi, naye alikuwa ameshausoma kabla yangu.

Mwaka 1971, akiwa na miaka 22, alikwenda kufanya kazi kwenye ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Usiku wa kuondoka aliingia stoo ya kanisa akachukua tarumbeta. Kwanza alijiambia kwamba ataipigia wenzake nyimbo za Mungu kambini. Aliipiga kambini miezi kadhaa. Kisha pombe, kisha karata, na mwaka 1973 akaiuza Makambako. Huku nyumbani aliyeulizwa ni mtunza vyombo wa kanisa. Alikuwa na ufunguo, mlango haukuvunjwa, hakuwa na la kusema. Akavuliwa kazi hiyo. Hakukuwa na kesi wala polisi, watu waliacha tu kumwamini. Akaacha kupiga, baadaye akaacha kuja. Alifariki 1994.

Mzee alirudi 1984, akatubu hadharani pombe na karata, akapokelewa kwa shangwe. Tarumbeta hakuitaja. Ameandika hivi, nanakili kwa ruhusa yake: "Kila Pasaka nilipiga tarumbeta juu ya kaburi lake. Nilidhani nikipiga vizuri itatosha."

Ukurasa wote hauna mahali pamekatwa wala kufutwa. Mke wake anasema aliandika kwenye karatasi nyingine mara tano kwanza, kisha akazichoma jikoni.

25 Mei

Watoto wake wamenijia, watatu, mmoja amesafiri kutoka Mbeya mjini. Wamezungumza kwa adabu, ila wana uchungu. Baba yao ni mzee wa kanisa. Mtunza vyombo alishakufa, wanasema, na Mungu alishasamehe. Kwa nini mimi niwavue nguo mbele za watu kwa mradi wangu? Walitaka ukurasa ule utoke.

Sikulala. Wana haki ya kuniuliza. Huu ni mradi niliouanzisha mimi, na aibu haitaingia nyumbani kwangu. Lakini kila nikifikiri naona kwamba aliyevuliwa nguo tayari yupo, naye amelala makaburini miaka thelathini na moja akiwa na jina la mwizi. Ushuhuda ukimtaja Mungu kwa heshima na kumwacha jirani kwenye shimo, Mungu huyo katajwa bure.

Nimewajibu kwamba daftari ni la baba yao. Akisema utoke, nautoa mimi mwenyewe kwa mkasi. Mzee amesema ubaki. Lakini ameongeza jambo ambalo mimi sikulifikiria, na naona aibu kwamba sikulifikiria: usichapwe kabla hajausoma mwenyewe mbele ya wazee, na mbele ya binti wa yule mtunza vyombo.

8 Juni, Pentekoste

Amesoma. Tulikuwa kumi na mmoja ofisini, baridi ya Juni imeshaanza, chai ikapoa hakuna aliyeigusa. Alisoma amesimama, bila miwani, nadhani alikuwa ameshaukariri. Alipofika Makambako sauti ilikatika, akaanza tena sentensi ile ile tangu mwanzo.

Wazee walikaa kimya. Mkubwa wao kwa umri aliuliza, "Ni ile iliyokuwa imebonyea mdomoni?" Mzee akaitikia. Wengine wawili wakatikisa vichwa. Miaka hamsini na zaidi, bado wanaikumbuka.

Binti wa mtunza vyombo ni mama wa miaka sitini hivi. Hakulia, hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisema, "Naomba kopi ya ukurasa huo." Nikatoka naye mpaka steshenari ya jirani, shilingi mia. Aliichukua ikiwa bado ina joto la mashine, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo cha zamani kilichofungwa kwa kitambaa. Ni cha baba yake. Akaniambia tu, "Ndaga fijo," asante sana, akapanda bodaboda.

Mkutano wa wazee umeamua Jumapili ijayo jina la marehemu litajwe kanisani na ukweli usemwe. Mchungaji atausema, mzee atasimama.

29 Juni

Fupi. Suala la lugha limeisha. Baadhi walianza kwa Kiswahili, wakifika kwenye sala wanahamia Kinyakyusa, na kijana anayenisaidia kuchapa alikuwa anazitafsiri. Nimemwambia aziache. Mtu aliyemlilia Kyala, yaani Mungu, usiku hakumlilia kwa Kiswahili cha shuleni. Mwaka 1739 mama mmoja Mwafrika katika kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, wakati huo koloni la Denmark, jina lake Marotta, aliyeitwa Magdalena alipobatizwa, alimwandikia malkia wa Denmark kwa niaba ya wanawake zaidi ya 250 waliokuwa wakizuiwa kuabudu. Alikuwa muumini wa Moravian kama sisi. Aliandika kwa lugha ya kwao Popo, Afrika Magharibi, na malkia akatafutiwa tafsiri. Kama malkia alitafutiwa tafsiri, wajukuu zetu nao watauliza.

20 Julai

Kusahihisha kunaniumiza kichwa. Habakuki aliambiwa aandike njozi iwe wazi katika vibao, ili aisomaye apate kuisoma kama maji. Ninataka isomwe kama maji. Lakini nikiweka nukta zote kwenye daftari la bibi wa Katumba, sauti yake inageuka yangu. Tumekubaliana hivi: ukurasa wa kushoto ni picha ya mwandiko wake kama ulivyo, wa kulia ni maneno yale yale yamechapwa na alama zake. Nimemsomea. Akapitisha kidole kwenye herufi zangu ndogo, akasema, "Zako zimelala." Zake zimesimama, kweli.

13 Agosti

Hatukufikia kumi na wawili. Tumemaliza saba. Wawili wamerudisha madaftari matupu na sikuwalaumu. Mmoja alifariki Mei akiwa ameandika kurasa nne. Familia iliomba zisomwe kwenye maziko, zikasomwa, na nilimwona mwanawe wa kwanza akisikia habari za baba yake kwa mara ya kwanza pale pale kaburini. Wawili waliobaki bado wanaandika, na mmoja wao ni babu wa Masoko, aliyefika kurasa sitini na hataki nizione.

Vijitabu vimetoka leo, kila mtu chake, tisa tisa. Steshenari walishangaa nilipoomba kila kimoja kibaki na kurasa kumi tupu mwishoni. Kijana wa mashine alidhani nimehesabu vibaya, akataka kunipunguzia gharama. Nikamweleza kwamba wenyewe bado wanaishi.

24 Agosti

Nimempelekea mzee wa tarumbeta vijitabu vyake. Watoto wake walikuwepo wawili; yule wa Mbeya mjini alinipokea begi mlangoni, akaniletea chai, hatukuongea zaidi. Binti wa mtunza vyombo amemleta mjukuu wake wa kiume miaka kumi na mitatu ajifunze kupiga. Hakuleta ujumbe wowote. Alimleta mtoto, akaondoka. Nimemkuta uani, mashavu yamejaa hewa, sauti haitoki.

Mzee alikaa kwenye kigoda akafungua kijitabu moja kwa moja hadi mwisho, kwenye zile kurasa tupu. Akaomba peni yangu. Aliandika tarehe ya leo, akaandika jina la mtoto, kisha akasimama kumrekebisha namna ya kushika midomo, peni yangu akiwa ameiweka sikioni.